Siku Tuliyomkomboa Mtani Mahabusu

Wanangu mnaokwenda depo ya polisi mwezi ujao, nimesikia mlikuwa mnabishana pale kijiweni, nani mkubwa kati ya polisi na mtendaji wa kata. Mmoja wenu, simtaji maana mama yake ni rafiki yangu, amesema mkubwa ni mwenye bunduki. Nimecheka peke yangu uani hadi jirani akanichungulia. Mimi Somoe nimevaa gwanda tangu msichana mpaka nywele zimebadilika rangi, miaka mingine Nachingwea, mingine Ruangwa, na bunduki nimeibeba mara chache sana. Nilichobeba kila siku ni simu, peni na mdomo. Viatu pia, maana vilinibana miaka yote na hakuna mkubwa aliyewahi kunisikiliza kwa hilo.

Basi leo niwajibu. Lakini mnanijua, siwezi kujibu kitu bila kuzunguka kwanza.

Nilipofika Nachingwea nikiwa konstebo mbichi, alinipokea Sajenti Chitanda, mzee wa maneno machache aliyependa chai yenye tangawizi kuliko cheo. Wiki ile ile ya kwanza akaja mama mmoja kutoka vijiji vya pembeni, kanga imejaa vumbi, akasimama kaunta akasema anataka mtu akamatwe. Nikamuuliza nani. Akasema tembo. Kala mahindi yake yote, na anamjua, ana pembe moja fupi.

Nilicheka, na nikamwambia mama hapa ni polisi, tembo siyo kazi yetu. Sajenti Chitanda akainuka, akamvutia yule mama benchi, akamuuliza shamba lina ukubwa gani, walilala wapi usiku huo, watoto wako salama. Halafu akavaa kofia yake, akamsindikiza kwa miguu mpaka ofisi ya wanyamapori kule halmashauri. Aliporudi, chai yake ilikuwa imepoa.

"Somoe," akaniambia, "raia hajui mlango. Yeye anaona gwanda tu. Ukimwambia siyo kazi yetu ukanyamaza, umemfukuza. Ukimwambia siyo kazi yetu, twende kwa mwenyewe, hapo umefanya kazi."

Ndiyo maana swali lenu la nani mkubwa naliona la kitoto kidogo, mnisamehe. Ziko ngazi mbili zimeegeshwa kwenye ukuta mmoja. Ya kwanza ni ya polisi. Inaanzia kwa askari wa kata, inapanda kwa mkuu wa kituo tunayemwita OCS, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, yaani OCD, kisha kamanda wa mkoa kule Lindi, mpaka kwa IGP, mkuu wa jeshi zima la polisi. Ngazi hiyo ni moja nchi nzima. Askari akihamishwa kutoka Ruangwa kwenda Njombe habadilishi mwajiri, ananunua sweta tu.

Ya pili ni ya kijiji na halmashauri: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, mpaka kwa mkurugenzi. Wale mgambo mnaowaona kwenye geti la mazao wakati wa korosho na ufuta, hao wako huko. Mtendaji anaweza kumkamatisha mtu aliyefanya kosa kijijini, lakini mahabusu hana, lazima amlete kwetu. Na mimi mahabusu ninayo, lakini sijui nani ni mtoto wa nani, nani kagombana na nani tangu mavuno ya mwaka juzi. Hayo anayajua yeye. Pembeni wapo wengine, kila mtu na kofia yake: watu wa misitu, wanyamapori, uhamiaji, magereza, wale wa rushwa. Wakubwa wao mkuu wa wilaya anawakutanisha mezani. Huku chini sisi tulikutana kwenye chai.

Nasema kweli. Nilipokuwa polisi kata Ruponda, nimeshakuwa sajenti, kila Jumatatu nilikunywa chai na mtendaji wa kijiji. Hakuwa bosi wangu, nami sikuwa bosi wake. Wenzangu walinitania kwamba nimepata mchumba. Lakini ile chai ndiyo iliyotusaidia siku ya mbuzi.

Sasa twende kwa mbuzi.

Alifariki Mzee Hashimu, mkulima wa korosho pale Ruponda, mtu mpole, alifia usingizini alfajiri. Wazee wakapanga azikwe baada ya sala ya adhuhuri. Asubuhi majamvi yametandikwa, wanaume wameshaenda kuchimba kaburi, wengine msikitini kufuata jeneza, wanawake wamejaa ndani na mjane, Bibi Fatu. Nje kafungwa mbuzi wa kuwalisha watu. Akaja mzee mmoja, mfupi, suruali imekunjwa mguu mmoja, akamfungua mbuzi mbele ya watu wote, akaondoka naye anaimba.

Huyo alikuwa Mzee Ismaili, anakaa kijiji cha pili, upande wa Ruangwa. Ukoo wake na ukoo wa Hashimu ni watani tangu kwa mababu. Nyinyi wa siku hizi utani mnaujua wa kutumiana picha kwenye simu, kwa hiyo nieleze. Mtani kwenye msiba kazi yake ni kuchekesha wafiwa, na yeye mwenyewe haruhusiwi kulia mpaka marehemu ashuke kaburini. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, anaweza kumtukana, anaweza kuchukua kitu chochote akaondoka nacho. Wafiwa wanatuma mtu amfuate na kitu kidogo, kibaba cha mchele au kipande cha kanga, wanakikomboa kile kitu, wote wanarudi wanacheka. Kwenye ukoo wa Hashimu, anayetumwa kukomboa ni mkwe wa nyumba.

Mkwe wa nyumba alikuwepo, anaitwa Rama, kijana wa Dar, muuza simu, ameoa binti wa mwisho. Walikuwa wamekuja kusalimia tu, basi la usiku likawashusha kwenye msiba. Huo ulikuwa msiba wake wa kwanza ukweni, na mke wake alikuwa analia ndani, hakuna aliyemwambia kitu. Rama kaona mzee asiyemjua anaswaga mbuzi wa msiba. Akamwita bodaboda, akamfukuzia.

Akamkuta kwenye geti la mazao, ng'ambo ya mpaka wa wilaya, na pale getini pamoja na mgambo alikuwepo konstebo mmoja, Masanja, ana miezi michache tu tangu aletwe kutoka Shinyanga. Rama akapaza sauti kwamba mzee yule mwizi. Masanja akafanya alivyofundishwa, akamuuliza mzee kwa upole mbuzi ni wa nani.

"Wa marehemu," Mzee Ismaili akajibu, meno yote nje. "Nimemwibia. Na nikitoka hapa narudi, ameacha kuku pia."

Mnaona mambo hayo. Mzee yuko kazini, anafanya utani wake kama inavyotakiwa, na anayetaniwa ni askari. Masanja angefanya nini? Mlalamikaji yupo, mali ipo, na mtuhumiwa kakiri mbele ya mgambo wawili. Akampeleka kituoni. Kituo chenyewe sikitaji, kilikuwa kituo kidogo tu upande wa Ruangwa, na hakuna aliyekosea pale. Mzee akawekwa mahabusu, mbuzi akafungwa nyuma ya ofisi kama kielelezo.

Mtendaji alinipigia nikiwa natoka kwenye kesi ya watoto waliopigana shuleni. "Afande, njoo msibani. Mtani katiwa ndani." Nikafikiri anatania na yeye.

Nilipofika, hali haikuwa ya kucheka. Wazee wa kiume walikuwa wamesimama vikundi vikundi. Hashimu na Ismaili, zaidi ya utani, walikuwa marafiki tangu kutahiriwa, na walikuwa wamewekeana ahadi: atakayetangulia, mwenzake atashuka kaburini kumlaza. Bibi Fatu alikuwa ameshasema kutoka ndani kwamba mume wake haondoki hapo mpaka Ismaili aje. Imamu naye, mzee wa busara lakini mwenye msimamo, akasema maiti haicheleweshwi. Atasogeza mpaka alasiri kwa heshima ya mjane, na baada ya alasiri watazika, awepo Ismaili au asiwepo.

Rama alikuwa amekaa chini karibu na ukuta, wamemweleza tayari alichofanya. Nilimwonea huruma, mtoto wa watu. Akainuka aliponiona.

"Mama, mimi sikujua. Wallahi sikujua. Lakini nina mtu Dar, ni mkubwa, nikimpigia sasa hivi anampigia kamanda wa mkoa, mzee anatoka dakika moja."

"Weka simu mfukoni, baba," nikamwambia.

Hapa naomba msikilize vizuri, maana hili ndilo litakalowasaidia kuliko gwaride. Ukipiga simu juu kabisa, wote walio chini wanaacha kufanya kazi wanaanza kujilinda. Mkubwa wa Dar angempigia wa mkoa, wa mkoa angempigia OCD wa Ruangwa, OCD angemwuliza OCS kuna nini hapo kwako. Na OCS, akishaulizwa hivyo, angefungua jalada, akaandika kila kitu kwa kirefu ili asiulizwe tena, na jalada likishafunguliwa halifungwi kwa maneno ya msibani. Mzee angelala ndani. Siyo kwa ubaya wa mtu yeyote, ni kwa woga tu, na woga nimeuona ukifunga watu wengi.

Nikampigia kwanza bosi wangu mwenyewe, OCD wa Nachingwea, nikamwambia naomba ruhusa ya kuvuka kwenda kuongea na kituo cha jirani. Askari hawezi kuingia wilaya ya wenzake akaanza kuuliza maswali bila mkubwa wake kujua, hata kama amevaa gwanda lile lile. Akaniuliza ni kesi gani. Nikasema mbuzi. Akasema, "Somoe, nenda, lakini usinirudie na kesi ya ng'ombe."

Halafu nikampigia OCS wa kile kituo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mambo mengi.

"Kosa limefanyika kwenu," akasema. "Mtuhumiwa kakamatwa kwangu. Utaratibu ni kumhamishia Nachingwea, na gari yangu imekwenda Lindi kupeleka mahabusu. Itarudi jioni."

"Afande, jioni tutakuwa tumeshazika."

"Nakuelewa, Sajenti. Lakini mzee amekiri. Konstebo wangu ameandika hapa. Shughuli yako? Kuiba kwa marehemu. Makazi? Popote palipo na pilau. Unataka nifanye nini na maelezo ya namna hii?"

Nikauma mdomo nisicheke. Nikamuuliza, kwa adabu, mlalamikaji ni nani kwenye maelezo hayo. Akasema Rama. Nikamuuliza, na mwenye mbuzi ni nani? Nikamsikia anapekua. Mwenye mbuzi amefariki, akasema. Basi mbuzi sasa yuko mikononi mwa mjane, nikasema, na mjane hajaulizwa. OCS yule alikuwa mtu mzuri, naomba mjue, hakuwa akitafuta kumwumiza mzee. Alikuwa anatafuta mahali pa kusimama.

"Mlete mjane atoe maelezo," akasema mwisho. "Akisema hajaibwa, na mlalamikaji akaondoa neno lake, mimi sina kesi."

Hapo tukakwama tena. Mjane yuko eda, hatoki nje ya nyumba yake, na mwanaume asiye wake haingii kumhoji. Ungempeleka kaunta ya polisi siku ile ungemwumiza mara ya pili. Wazee wakatazamana, na mtendaji akanitazama mimi. Nikakumbuka kwamba chini ya gwanda ni mwanamke, jambo ambalo kazini walinisahaulisha mara nyingi. Kata ile ni yangu, na maelezo ya shahidi wa kata yangu nachukua mimi. Nikavua viatu, kwa furaha kubwa, nikajitanda kanga juu ya gwanda, nikaingia ndani.

Bibi Fatu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyosha, wanawake pande zote. Tangu alfajiri hakuwa amekula wala kulia. Nilikaa karibu naye, nikampa pole, nikamwambia nimekuja kama askari lakini pia kama mtoto wake. Nikamuuliza kama mbuzi wake ameibwa.

"Hajaibwa, mwanangu," akasema. "Nilimwona Ismaili dirishani. Alipomfungua kamba nilishusha pumzi. Kama angenipita mlangoni na kunipa mkono tu kama mgeni, ningejua Hashimu hana mtu."

Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema, na sikuyapunguza. Nimeandika maelezo ya mashahidi wengi maishani, wa wizi, wa ugomvi, wa mambo mengine nisiyotaka kuyakumbuka, na hayo ndiyo pekee niliyoyaandika machozi yakinidondoka. Nikamsomea, akaweka dole gumba. Nilipotaka kuinuka akanishika mkono.

"Mkwe hakumkomboa," akasema. "Na mimi siwezi kutoka. Utakwenda wewe."

Akamwambia binti yake amletee kofia ya Hashimu, ile ya kushona kwa mkono, aliyoivaa Ijumaa. Akanikabidhi na mikono miwili. Nikamwambia Bibi, mtani hukombolewa kwa kibaba cha mchele. Akasema leo si mbuzi anayekombolewa.

Nikaifunga kofia ndani ya kanga, kanga nikaiweka kifuani, nikawasha pikipiki. Rama nyuma yangu, barua ya mtendaji ya kumtambulisha Mzee Ismaili kuwa mtani wa ukoo, mfukoni mwake. Njiani alinishika mabega kwa woga, njia yenyewe ya vumbi na mashimo. Aliongea peke yake nusu ya safari, akimwomba radhi mkwewe aliyekufa. Nilimwacha aongee.

Kituoni tuliwakuta mahabusu wanacheka mpaka nje panasikika. Kijana mmoja aliyewekwa ndani kwa ugomvi wa pombe alikuwa anajifuta macho. Mzee Ismaili alikuwa anawasimulia jinsi Hashimu alivyoposa, alivyojikwaa kwenye kuku wa mkwe akaangukia chungu. Nje, mbuzi alikuwa amekula mchicha wote wa OCS aliokuwa ameupanda nyuma ya ofisi. OCS alisimama hapo amefunga mikono akiutazama ule uharibifu, na nadhani kilichomtoa mzee haraka siku ile, tukiacha sheria, ni ule mchicha.

Akasoma maelezo ya mjane. Akayasoma tena. Akamwita Rama, akamuuliza kama anaendelea na lalamiko. Rama akasema hapana afande, na akamgeukia Masanja akamwomba radhi yeye pia. Masanja alikuwa amesimama wima, uso umemshuka.

"Afande, hata kwetu watani tunao," akaniambia pole pole. "Lakini wa kwetu hawachukui mbuzi."

"Wewe umefanya kazi yako sawa," nikamwambia. "Ila ungeuliza swali moja zaidi. Ungemwuliza, huyo marehemu ni nani kwako."

Wakamtoa mzee. Alikuja kaunta anayumba kwa madaha, akinitazama na gwanda langu, nikajua anatafuta pa kunianza. Nikafungua kanga, nikaiweka kofia ya Hashimu juu ya kaunta. Nikamwambia, Bibi Fatu anakukomboa.

Madaha yakamwisha mzee yule. Aliitazama ile kofia kwa muda, akaigusa ukingo wake uliokuwa umechakaa, kisha akaiweka kichwani, juu ya yake. Nikaogopa atalia pale kabla ya wakati wake, na najua angejilaumu. Akageuka kwa Masanja.

"Twende, mkamataji," akasema. "Nani atamswaga mbuzi wangu? Mimi ni mgonjwa, nimetoka jela."

OCS akampa Masanja ruhusa ya kuturudisha. Mzee akapanda nyuma yangu, Masanja akachukua bodaboda na mbuzi mapajani, Rama akatufuata na nyingine. Tulifika watu wakiwa wanatoka msikitini kwenye sala ya alasiri. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa mbele ya nyumba. Mzee Ismaili akalisimamisha njiani kwa mkono, akapiga ubao wake mara moja na vidole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani kwa wanawake, "Hashimu, miaka yote nakuambia utanifungisha. Umesubiri ufe ndipo unifungishe."

Nikasikia kutoka ndani Bibi Fatu anacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikakatika katikati, halafu kilio kikaja, cha kwanza tangu alfajiri, na wanawake wakampokea. Sajenti Chitanda angekuwepo angesema kazi imekwisha, tukanywe chai.

Makaburini mimi sikwenda. Alikwenda Masanja, akasimama mbali kidogo na kofia yake mkononi. Ndiye aliyenisimulia jioni, tukinywa uji msibani, kwamba mzee alitania mpaka ukingoni. Aliwaambia wachimbaji kaburi ni fupi, Hashimu akinyosha miguu atatokea Lindi. Alishuka mwenyewe, akamlaza mwenzake, akarekebisha sanda. Walipomvuta juu akakaa pembeni ya udongo, akalia, na hakuna aliyemnyamazisha. Masanja alinieleza hayo akitazama bakuli la uji, na hakulimaliza.

Miaka imepita. Nimestaafu, Masanja amepanda, ana alama za sajenti sasa na anafundisha wageni wake swali la ziada. Mwaka jana mume wangu Athumani, fundi cherehani pale sokoni Nachingwea ambaye wengi wenu amewashonea sare za shule, alitutoka. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa kwenye mkeka, ndani, miguu nimeinyosha. Askari wenzangu wa zamani walijaa nje. Walinipa heshima zote, na heshima zile nilizisikia kwa mbali. Siku nzima sikuwa nimefungua kinywa.

Halafu dirishani nikaona mzee mfupi, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, fimbo mkononi sasa. Sisi Wamakua wa Masasi na ukoo wake hatuna utani wowote. Hakuna mtu aliyemwita. Akaenda moja kwa moja kwenye banda langu, akamkamata jogoo, akamweka kwapani, akaanza kuondoka anaimba.

Askari mmoja kijana akainuka kwa haraka, mkono tayari kumshika mzee begani. Masanja akamvuta shati.

"Kaa chini," nikamsikia anasema. "Huyo mzee ni wa hapa."

Akaja yeye mwenyewe mpaka chini ya dirisha langu, sajenti mzima, akasimama pale akisubiri kitu cha kukombolea. Nikanyosha mkono ukutani, nikachukua futi ya Athumani, ile ya kupimia nguo, bado ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake. Nikaipitisha dirishani. Masanja akaipokea, akaikunja vizuri, akatoka mbio kumfuata Mzee Ismaili barabarani.

Walirudi pamoja, futi imezungushwa shingoni mwa mzee, jogoo anapiga kelele. Mzee akaegemea dirisha langu.

"Mama Afande," akasema, "fundi wako alinishonea suruali mguu mmoja mrefu. Nimekuja anirekebishie, nakuta kalala. Nitaikunja mpaka lini?"

Nikacheka, wanangu. Nikacheka mpaka kilio kikanikuta humo humo, na wanawake wakanishika. Nikajua kwamba Athumani ana mtu.